UCHAMBUZI: Bandari ilianguka kwa kukosa zizi, si kwa kukosa kocha

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kwamba ng'ombe akivunjika guu malishoni, hujikokota zizini kusaidiwa. Methali hii hutumiwa mno kuwarai waliopotea warejee kwao. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali linaloifuata: je, ng'ombe asiye na zizi akivunjika guu, hujikokota kwenda wapi?

Swali hilo humjia mtu anaposimama Feri, upande wa kisiwani, jioni ya siku ambayo Bandari FC imecheza. Kutoka pale wanapoteremkia abiria wa kivuko cha Likoni hadi uwanja wa Mbaraki ni mwendo mfupi wa miguu. Mashabiki wa Likoni na Mtongwe huvuka maji adhuhuri wakiwa na vifijo, na jioni hurejea kivukoni pamoja na vibarua wa bandarini, wanafunzi na akina mama waliotoka sokoni. Muuza viazi karai hahitaji redio ili ajue matokeo. Nyuso za wanaoishukia feri humwambia yote.

Mnamo 2019 nyuso hizo zilibadilika ghafla. Mwaka ulianza kwa nderemo na ukaisha kwa manung'uniko. Timu iliyokuwa tishio kwa Gor Mahia, iliyoichapa Simba mbele ya mashabiki wake jijini Dar es Salaam, na iliyonyanyua kombe la taifa, iliingia msimu wa 2019-20 kwa matumaini makubwa na kuporomoka kama mnara wa mchanga. Kama ilivyo desturi ya soka yetu, kocha ndiye aliyebebeshwa lawama.

Miaka imepita na makocha wamepita. Ni wakati mwafaka wa kuutazama upya msimu ule kwa macho makavu, kwa kuwa tuliyoyaona wakati huo hayakuwa maradhi ya kocha mmoja wala ya wachezaji kumi na mmoja. Yalikuwa maradhi ya kukosa kwao. Maradhi hayo hayajapona.

MWAKA WA MAVUNO

Tuanze na mavuno, kwani anguko hupimwa kwa urefu wa mahali mtu alipoangukia.

Bandari, timu inayomilikiwa na Halmashauri ya Bandari Nchini (KPA), ilirejea katika Ligi Kuu msimu wa 2013. Haikuchukua muda kuonyesha kwamba haikurudi kutalii. Mnamo 2015 ilitwaa kombe la ngao ya taifa kwa kuizaba Nakuru AllStars 4-2 katika fainali. Mnamo 2018 ilimaliza ligi katika nafasi ya pili nyuma ya Gor Mahia, na msimu uliofuata, 2018-19, ikakita tena katika nafasi iyo hiyo. Kumaliza wa pili mara mbili mfululizo si bahati ya mtende. Hiyo ni dalili ya timu iliyojua ilichokuwa ikikifanya.

Januari 2019 vijana hao walikwea ndege hadi Dar es Salaam kushiriki Kombe la SportPesa. Katika nusu fainali waliinyoa Simba 2-1. Katika fainali walifungwa 1-0 na Kariobangi Sharks, Wakenya wenzao, na Sharks ndio waliopata heshima ya kuchuana na Everton ya Uingereza mjini Nairobi Julai mwaka huo. Bandari walilipiza kisasi katika fainali ya ngao, walipowabwaga Sharks hao hao 3-1 na kujikatia tiketi ya Kombe la Mashirikisho barani Afrika.

Benchi la ufundi lilikuwa chini ya Bernard Mwalala, mshambulizi wa zamani wa Yanga, mtu aliyelijua soka la mwambao kutoka pande zote mbili za mpaka. Ngome iliongozwa na nahodha Felly Mulumba, mzaliwa wa Congo. Langoni alikuwa Farouk Shikalo, ambaye umahiri wake ulimpatia nafasi katika kikosi cha Harambee Stars kilichoshiriki Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri mwaka huo. Kwa kifupi, Pwani ilikuwa na timu iliyokamilika kuanzia kipa hadi washambulizi.

Mkaazi wa kisiwani aliyekuwa na umri wa kutosha hakuweza kujizuia kukumbuka 1965. Mwaka huo Feisal ya Mombasa ilitawazwa bingwa wa Kenya, wakati ligi ya taifa ilikuwa ingali changa. Sisi tuliozaliwa baadaye tulilelewa kwa simulizi za Feisal, za Liverpool ya Mombasa na za Mwenge, majina yaliyokuwa yakitamkwa barazani kama yanavyotamkwa majina ya mababu. Tangu ubingwa huo wa Feisal, hakuna klabu yoyote ya Pwani iliyotwaa tena taji la ligi. Miaka zaidi ya hamsini! Mnamo 2019 wengi waliamini kwamba kiu hiyo ilikuwa karibu kukatwa.

KIANGAZI

Haikukatwa. Msimu wa 2019-20 ulipoanza, Bandari ilikuwa na kibarua maradufu: ligi ya nyumbani na safari za bara. Katika Kombe la Mashirikisho iliitoa Al Ahly Shendi ya Sudan kwa faida ya bao la ugenini, kisha ikaidengua US Ben Guerdane ya Tunisia kwa jumla ya mabao 3-2. Hilo lilikuwa jambo la kujivunia, kwani si kila siku timu ya Kenya huvuka mbele ya timu ya Tunisia. Hatua iliyofuata, iliyobakisha mechi mbili tu kabla ya makundi, ilikuwa dhidi ya Horoya ya Guinea. Hapo ndipo safari ilipokomea.

Wakati huo huo ligi ilikuwa ikiwaponyoka mikononi. Pointi zilizokuwa zikivunwa msimu uliotangulia zilianza kudondoka moja moja. Timu iliyozoea kuwatazama wengine kutoka juu ilijikuta ikiyahesabu mabao katika eneo la chini la jedwali. Kabla msimu huo haujakatizwa na janga la korona Machi 2020, Mwalala alikuwa ameondolewa katika kiti cha kocha mkuu na Ken Odhiambo kukabidhiwa usukani. Shirikisho la soka lilipoufunga msimu mwishoni mwa Aprili na kuitangaza Gor Mahia kuwa bingwa, Bandari haikuwa hata karibu na kinyang'anyiro.

Baada ya hapo kiti kile kiligeuka kiti cha kinyozi. Alikuja Mnyarwanda Andre Cassa Mbungo, akaondoka. Akaja Anthony Kimani, akaondoka. Mnamo 2023 akaja John Baraza. Kila mmoja alipokewa kwa shangwe na kila mmoja aliagwa kwa maneno yale yale, kwamba matokeo hayakuridhisha. Katika misimu yote hiyo hadi ule wa 2024-25, Bandari haikumaliza tena katika nafasi mbili za kwanza, wala haikunyanyua tena kombe la taifa.

Ikiwa makocha kadhaa, wenye mitindo mbalimbali na waliotoka katika malezi tofauti ya soka, wameshindwa kuirejesha timu pale ilipokuwa, mtu mwenye busara huacha kumchunguza dereva na kuanza kulichunguza gari. Na akiona gari ni zima, huichunguza barabara.

SABABU ZILIZOTAJWA

Tuzipime kwanza sababu zilizotolewa wakati ule.

Ya kwanza ilikuwa ni kuondoka kwa wachezaji. Ni kweli kwamba Shikalo alihamia Yanga katikati ya 2019, na kuondoka kwa kipa wa kiwango chake ni pigo. Hata hivyo, kila timu inayofanya vyema hupoteza wachezaji. Gor Mahia imewauza mafowadi wake msimu baada ya msimu na bado ikatwaa mataji. Tofauti ni kwamba klabu yenye mizizi huwa na mwingine anayesubiri zamu yake. Kama mchezaji mmoja akihama nyumba nzima inatikisika, basi tatizo ni msingi wala si yule aliyehama.

Sababu ya pili ilikuwa ni uchovu. Hii ina uzito zaidi, na tutairudia hivi punde.

Ya tatu ilikuwa fedha, na hapa ndipo hesabu zinapokataa kabisa. Msimu wa 2019-20 ulikuwa wa njaa kwa soka ya Kenya. Kampuni ya SportPesa ilisitisha udhamini wake Agosti 2019 baada ya mvutano na serikali kuhusu leseni, na klabu zikaachwa mkono mtupu. Wachezaji wa klabu kubwa walikaa miezi bila mishahara. Sony Sugar ilishindwa kufika uwanjani hadi ikafurushwa ligini. Katikati ya ukame huo, Bandari ilikuwa miongoni mwa klabu chache zilizokuwa na mwajiri wa uhakika nyuma yake. Kama fedha pekee ndizo zingekuwa mwamuzi, huo ndio msimu ambao Bandari ingetwaa ubingwa kwa urahisi. Wapinzani walikuwa na njaa nayo ilikuwa imeshiba. Iweje basi mwenye shibe ndiye aliyeanguka?

KILOMITA 480 KWENDA 'NYUMBANI'

Jibu linaanzia mahali ambapo mechi zilichezewa.

Mnamo 2019 mji wa Mombasa, wa pili kwa ukubwa nchini, haukuwa na uwanja hata mmoja uliokidhi viwango vya shirikisho la soka la Afrika. Uwanja wa Manispaa, ambao kwa miongo mingi ulikuwa ndio jukwaa kuu la soka ya Pwani, ulikuwa umebomolewa ili ujengwe upya kuwa wa kisasa. Ujenzi huo ulisuasua. Gavana wa kwanza wa kaunti, Bw Hassan Joho, aliondoka mamlakani mnamo 2022 ukiwa haujakamilika. Mbaraki, uwanja ambao Bandari inautumia kwa ligi, ni mahali pazuri pa kuchezea mpira na pana historia yake, lakini majukwaa yake si ya mashindano ya bara.

Kwa hivyo Bandari ilipopangiwa mechi ya nyumbani dhidi ya Wasudani, ilifunga virago kwenda Nairobi. Ilipopangiwa kuwakaribisha Watunisia, ilifunga virago kwenda Nairobi. Kilomita 480 hivi kwenda, na kilomita 480 kurudi, ili kucheza nyumbani! Hakuna neno la Kiswahili la kulielezea jambo hilo bila kutia kejeli.

Tukumbuke pia kwamba katika msimu huo wa 2019-20, Bandari ndiyo iliyokuwa timu pekee ya Pwani miongoni mwa timu 18 zilizoanza Ligi Kuu. Timu ya Nairobi ingeweza kucheza mechi kadhaa za ugenini na wachezaji wake wakarudi kulala kwao usiku huo huo. Kwa Bandari, kila mechi ya ugenini ilikuwa ni safari ya kuivuka Tsavo. Waliokuwa jirani zaidi walikuwa Nairobi, na wengine walikuwa Kakamega, Kisumu, Bungoma na Kericho. Ukiongeza Sudan, Tunisia na Guinea, kisha ukaongeza mechi za 'nyumbani' zilizochezewa mbali, utaona kwamba ule uchovu uliotajwa haukuwa kisingizio. Ulikuwa na anwani.

Lakini safari haichoshi miguu pekee. Uwanja wa nyumbani una kazi nyingine ambayo haionekani katika jedwali. Huko ndiko mchezaji anakojua upepo wa alasiri unavuma kutoka wapi na mpira unadundaje kwenye kona ipi. Ndiko anakosikia akiitwa kwa jina la mtaani na mtu aliyesoma naye. Mgeni kutoka Tunisia anayecheza Mombasa hupambana na joto, unyevu na kelele za watu. Anapochezea Nairobi, penye baridi na majukwaa makubwa yaliyo matupu, mgeni na mwenyeji huwa sawa. Bandari iliwapa wapinzani zawadi hiyo katika mechi zake kubwa kuliko zote za muongo mzima.

Na shabiki wa Likoni je? Yule aliyevuka feri Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye jua na kwenye mvua, aliyeiona timu ikipanda ngazi moja baada ya nyingine, alinyimwa kuishuhudia siku ilipofika kileleni. Treni ya kisasa kwenda Nairobi ilikuwepo tangu 2017, ni kweli. Ila nauli ya kwenda na kurudi, chakula na malazi ni mzigo usiobebeka kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha siku. Alibaki kusikiliza kwenye simu. Timu ilipoanza kupoteza katika ligi na kumhitaji arudi Mbaraki kuipa moyo, je, tunaweza kumlaumu ikiwa alirudi kwa unyonge?

MWAKA ULE ULE WA MAKONTENA

Kuna jambo jingine lililotokea katika miezi hiyo hiyo, na mtu wa Feri hawezi kulisahau.

Agosti 2019 serikali ilitoa agizo kwamba mizigo inayoshukia Mombasa ikielekea Nairobi na bara isafirishwe kwa reli ya kisasa. Malori yaliegeshwa. Madereva, makarani wa mizigo, mafundi wa magurudumu na akina mama wa vibanda vya chakula waliona riziki ikipita mbele yao juu ya mabehewa. Maandamano yalifanyika mjini wiki baada ya wiki, hadi agizo hilo likasitishwa mwezi wa Oktoba kufuatia shinikizo.

Sisemi kwamba makontena ndiyo yaliyofunga mabao dhidi ya Bandari. Kusema hivyo kutakuwa ni kuwapotosha wasomaji. Ninachosema ni kwamba msimu ule ulichezwa katika mji uliokuwa ukihisi kwamba kila kilicho chake kinapakiwa na kupelekwa Nairobi. Kontena lilipanda kwenda Nairobi. Timu nayo, yenye jina la bandari hiyo hiyo na mishahara ya bandari hiyo hiyo, ikapanda kwenda Nairobi kucheza mechi ya nyumbani. Kwa mkaazi wa kisiwani mambo hayo mawili hayakuwa mawili.

Oktoba mwaka huo huo ilionekana wazi kwamba ujenzi unawezekana pale penye nia. Sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika Mombasa, na zilifanyika katika bustani ya Mama Ngina, ufuoni, hatua chache kutoka Feri. Bustani hiyo ilikuwa imefanyiwa ukarabati mkubwa na kumalizika kwa wakati ili kumpokea Rais na wageni wake. Ni kazi nzuri na watu wanaifurahia hadi leo. Lakini mtu akisimama pale na kujiuliza kwa nini bustani ilimalizika na uwanja haukumalizika, atapata jibu moja: bustani ilikuwa na tarehe ya mwisho na mgeni wa kuionea haya. Uwanja haukuwa na mojawapo.

HOJA YA WANAOPINGA

Wapo watakaosema kwamba uwanja haufungi mabao. Watasema kwamba Bandari ilimaliza ya pili mara mbili ikitumia Mbaraki huo huo, kwa hivyo ukosefu wa uwanja hauwezi kuwa sababu ya anguko.

Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini ukiitazama kwa makini, inaunga mkono kauli yetu badala ya kuipinga. Bandari ilifanikiwa ilipokuwa na kwao. Mbaraki palikuwa padogo, lakini palikuwa pao, na ngazi waliyokuwa wakiipanda haikuhitaji zaidi ya hapo. Waliporuka kwenda katika ngazi ya bara, mji wao haukuruka pamoja nao. Mtoto akikua na shati likabaki lile lile, usishangae mshono ukifumuka. Tena hufumuka siku ya harusi, anapohitaji kuonekana, wala si siku anapolala.

Tunaweza pia kulipima jambo hili bila kutoka ndani ya KPA. Halmashauri hiyo ina timu za mpira wa kikapu za wanaume na wanawake. Mwajiri ni yule yule, mfuko ni ule ule, mji ni ule ule. Timu hizo, hasa ya wanawake, zimekuwa miongoni mwa vigogo wa nchi kwa miaka mingi na zimetwaa mataji ya kitaifa. Nazo zina ukumbi wao wa Makande, papa hapa Mombasa. Mgeni anayekuja kucheza nazo huja Makande. Sisemi kwamba ukumbi ndio siri pekee, maana mpira wa kikapu una mambo yake. Lakini si vigumu kuona kwamba penye zizi ng'ombe hunenepa.

TUTAZAME NG'AMBO YA BAHARI

Mfano mwingine uko karibu nasi, katika kisiwa tunachofanana nacho kwa lugha, kwa pilau na kwa mapenzi ya mpira. Zanzibar ilikuwa na uwanja mkongwe wa Amaan. Ulikarabatiwa na kufunguliwa upya Desemba 2023. Mei 2025, Simba ya Dar es Salaam ilipofika fainali ya Kombe la Mashirikisho, lile lile lililowatoa jasho Bandari, nayo ilijikuta haiwezi kuutumia uwanja wa Benjamin Mkapa kwa mechi ya marudiano. Ilivuka bahari na kuwakaribisha RS Berkane ya Morocco Amaan. Matokeo yalikuwa sare ya 1-1 na kombe likaenda Morocco, lakini Unguja ilishuhudia fainali ya bara kwenye ardhi yake. Miezi mitatu baadaye, Agosti 2025, uwanja huo huo ulipokea mechi za Kombe la Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani.

Mashindano hayo Kenya pia ilikuwa mwenyeji. Mechi zote zilizochezewa nchini mwetu zilichezewa Nairobi, Kasarani na Nyayo. Mombasa, mji uliotoa bingwa wa Kenya mnamo 1965, ilitazama kwenye runinga. Kijana wa Mji wa Kale alikuwa karibu zaidi na mechi za Zanzibar kwa moyo, pengine hata kwa lahaja ya watangazaji, kuliko zile za nchi yake.

Haifai kuidanganya nafsi kwamba uwanja ukijengwa mataji yatamiminika. Tanga, bandari nyingine ya mwambao huu, ilikuwa na bingwa wa Tanzania mnamo 1988, Coastal Union, na tangu hapo klabu hiyo haijarudi kileleni. Miji ya bandari huwa na majaraha yake: vijana wake huhama, biashara yake hupanda na kushuka na meli, na klabu zake hutegemea mfuko mmoja. Ukauke mfuko, timu hufa. Hapa kwetu tumeshuhudia Congo United ikionja Ligi Kuu mnamo 2011 na kuporomoka mara moja. Coast Stars nayo iliwahi kung'aa, kisha ikazimika.

Ndiyo maana uwanja ni mwanzo tu wa kazi. Bandari inahitaji kitu ambacho Feisal ilikuwa nacho na ambacho mshahara wa mwisho wa mwezi hauwezi kukinunua: mkondo wa vijana unaotoka mtaani na shuleni na kuishia katika jezi ya timu kubwa. Vipaji vipo. Nenda Serani au Tononoka jioni yoyote uwaone watoto wakicheza peku hadi adhana ya magharibi. Wasichokiona watoto hao ni ngazi. Anayefuzu huambiwa aende Nairobi. Anayebaki huishia kuendesha bodaboda, na sifa zake hubakia barazani.

TUNACHODAI

Basi tunadai nini?

Kwanza, Serikali ya Kaunti ya Mombasa na ile ya kitaifa ziuwekee uwanja wa Mombasa tarehe ya kukamilika, iliyotangazwa hadharani, kama ilivyokuwa kwa bustani ya Mama Ngina. Ahadi isiyo na tarehe ni sawa na jahazi lisilo na tanga. Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika mnamo 2027. Itakuwa aibu isiyofutika ikiwa Pwani itabaki mtazamaji kwa mara nyingine.

Pili, KPA, ambayo siku hizi pia ndiyo inayoendesha huduma ya feri, ijiulize kama inamiliki timu au inamiliki kikosi. Kikosi ni watu 25 wanaolipwa. Timu ni kikosi hicho pamoja na shule yake ya soka, uwanja wake na watu wake. Fedha zinazotumika kubadilisha makocha kila mwaka, pamoja na gharama za kuvunja na kuandika mikataba, zingeweza kuwalea vijana wengi wa Likoni na Changamwe.

Tatu, sisi mashabiki na sisi wanahabari tuache desturi ya kumpiga kalamu mtu kila mechi tatu zikipotea. Tulipokuwa tukiandika vichwa vikubwa kuhusu kocha, hatukuandika hata aya moja kuhusu majukwaa yaliyobomolewa. Lawama hiyo naichukua pia mimi ninayeandika haya, maana vichwa hivyo vilipita mezani mwangu.

Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ufa wa Bandari ulionekana siku ile ya Agosti 2019, timu ilipoingia Nairobi kwa mechi ya 'nyumbani' na kuambulia sare tasa. Hakuna aliyeuziba kwa sababu wote tulikuwa tukilitazama benchi. Sasa tunaujenga ukuta kila msimu, kwa kocha mpya, na kila msimu unaporomoka upande ule ule.

Jioni ikiingia Feri, king'ora cha chombo kinapolia na umati unapoanza kuteremka, bado utawaona wachache waliovaa jezi za Bandari. Wamezeeka kidogo tangu 2019. Wengine huwashika watoto wao mikono. Watu hao hawajaihama timu yao hata baada ya timu kulazimika kuwahama. Deni tunalodaiwa na watoto hao ni dogo: waione siku moja timu yao ikicheza mechi kubwa ya bara papa hapa kisiwani, kisha washuke na kuvuka kwenda kwao kwa miguu na kwa feri. Wakishinda au wakishindwa, watakuwa wameshindia kwao au wameshindwa wakiwa kwao. Huko ndiko timu hujifunza kuinuka tena.